Panga Juu ya Jiwe la Nduku

Nilimmwagia maji. Wacha niseme hivyo mapema, kabla watu wa Kathonzweni hawajakwambia kwamba nilimpiga mzee. Sikumpiga. Nilichukua beseni lililokuwa kando ya mguu wake, lenye maji yaliyogeuka kijivu, nikamwaga yote kichwani mwake, mbele ya mke wake na wageni wa kanisani waliokuwa wamekuja kunywa chai. Halafu nikabaki nimesimama na beseni tupu, msichana wangu Mwikali amenishika sketi.

Mzee huyo, Musembi, ni shemeji yake Nduku, ndugu ya marehemu mume wake. Nduku ndiye kinyozi wa mji wa Wote aliyenifundisha kazi, na tulikuwa tumemzika majuma machache tu yaliyopita. Kesho yake baada ya mazishi Musembi alikuja dukani na pikapu ya kuazima, akabeba kiti, kioo, benchi ya wateja na jiwe la kunolea. Kiti sikusema kitu. Kioo sikusema kitu. Jiwe nilimwambia palepale, "Mzee, hilo Nduku aliniachia mimi, na alisema mbele ya mama yake," akanijibu nije nyumbani tuongee watu wakiwa wametulia. Nilienda kwake mpaka mbwa akaacha kunibwekea. Mara ni kesho, mara liko kwa stoo na ufunguo hauonekani, mara "jiwe gani hilo unasema?" Siku hiyo nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, jiwe la Nduku liko katikati ya miguu yake, na juu ya jiwe kuna panga. Hata hakulificha. Alinikaribisha. "Karibu, mama Mwikali, umetupata na chai. Unajua hili jiwe la shemeji ni moto? Tangu tuchinje mbuzi za matanga sijanunua tupa. Panga, jembe, kila kitu. Ona vile limeanza kuingia ndani, hiyo ni kazi!" Akaliinua nilione. Katikati ya jiwe kulikuwa na bonde ambalo ungeweza kumwagia mtoto uji akanywa. Hapo ndipo nilipoliona beseni.

"Huyu ana mapepo!" mke wake alipiga kelele, na mgeni mmoja akaanza kuomba kwa sauti akiwa bado ameshika kikombe. Musembi alijipangusa uso kwa kiganja, polepole, akaniuliza, "Mtu mzima unamwagia maji kwa sababu ya jiwe?" Ndiyo. Kwa sababu ya jiwe. Na kwa vile tangu siku hiyo kila mtu ananiuliza swali hilohilo, sokoni, kanisani, hata yule anayeniuzia maziwa, nitaeleza jiwe lenyewe ni nini, ingawa nikianza kueleza nashindwa kuketi na natembea humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwaka nilipokutana na Nduku, Mwikali alikuwa ameanza kutambaa na mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kilichokuwa kimelala chini ya godoro kikipata mikunjo. Nilikuwa na hasira na kila kitu. Nilikuwa na hasira na ndengu zikikataa kuiva. Watu waliniambia mtoto anyolewe nywele za kuzaliwa nazo, zimekaa sana, nikampeleka kwa Nduku nyuma ya soko la Wote, kwenye kibanda cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati ndani, kinachopakana na wauza nafaka, kwa hiyo ukikaa mle unanusa sabuni na vumbi la ndengu kwa pamoja mpaka hujui ni ipi inakuchafua na ipi inakusafisha. Mwikali alikuwa amelala begani. Nilidhani nitamwamsha. Nduku, mwanamke mnene mwenye sauti ya kugombeza hata akisema asante, alisema, "Mwache alale, si anakuja kunyolewa, hakuja kuhubiriwa." Akafungua wembe wa kukunja, ule wa mpini wa pembe, akampaka mtoto povu kidogo, akaanza. Sikusikia chochote. Nilitega sikio nisikie ule mkwaruzo unaosikika baba akijinyoa asubuhi, haukuja. Nywele zilitoka tu zikabaki kwenye kitambaa, kichwa kikatokea kiking'aa, na mtoto hakugeuza hata kidole. Mtoto huyu alikuwa akiamshwa na kijiko kikiwekwa mezani. Nilimwambia Nduku, "Nifundishe." Alicheka mpaka wazee waliokuwa kwenye benchi wakacheka pia bila kujua sababu.

"Wewe si umesoma? Nenda ofisini. Hapo kaunti ofisi zimejaa tele."

"Zimejaa na watu wao tayari, Mwaitu."

Sijui kama ni jibu au ni vile nilimwita mama kwa Kikamba nikiwa nimemkazia macho, lakini alisema, "Kuja kesho. Mtoto ulete. Na uache hiyo sura nyumbani."

Sura sikuiacha, nilienda nayo, ndiyo niliyokuwa nayo. Na hakunipa wembe. Alinipa jiwe. Lilikuwa na urefu wa kutoka kiganjani hadi katikati ya mkono, zito, la kijivu likiwa kavu, na likilowa linakuwa rangi ya maini. Kwenye pembe moja lilikuwa na mshipa mweupe mwembamba, na upande huo Nduku hakunoa kamwe. Alichukua penseli akachora mistari juu ya uso wa jiwe, huku na huku, kama mtoto wa chekechea, akanionyesha slabu ya simiti kwenye mlango wa nyuma na ndoo ya mchanga laini uliochujwa kwa neti. "Mwaga mchanga, mwaga maji, geuza jiwe, sugua. Mistari yote ikiisha, uniite." Nilisugua. Nikamwita. Katikati mistari ilikuwa bado inaonekana. "Hapo ni chini," alisema. "Umesugua milima, bonde umeacha." Nikasugua tena. Tukala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na ndengu kutoka sufuria moja, mikono yangu ikiwa myeupe mpaka kwenye viwiko, na baada ya kula akachora mistari mingine. Hivyo ndivyo nilivyoishi kwa muda mrefu sana mwaka ule. Mwikali alijifunza kusimama kwa kushikilia ndoo ya mchanga. Mimi nilijua tu mistari.

Nilikuja kuelewa sababu siku aliyonionyesha kunoa kwenyewe. Wembe hauinuliwi kama kisu. Unaulaza kabisa, mgongo wake na makali yake vyote vinagusa jiwe, unausukuma mbele makali yakitangulia, kama unataka kuchuna ngozi nyembamba ya jiwe, na ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo wake, makali yakibaki juu, unarudi. Kwanza unasugua juu ya jiwe kipande kidogo cha jiwe lilelile mpaka unatoka uji wa kijivu, huo uji ndio unaokula chuma, unaona unavyogeuka mweusi. Halafu tone la maji, tena tone, uji unakuwa mwepesi, mpaka unanoa kwa maji matupu, na hapo mkono haukandamizi tena, unaongoza tu. Sauti inaanza kama malapa kwenye mchanga na inaisha kama kitambaa kikivutwa mezani. Baadaye mkanda wa ngozi, huko unavuta kwa kurudi nyuma. Basi kama jiwe lina bonde, hata dogo ambalo jicho halioni, wembe unagusa huku na huku na katikati unapita hewani. Ukiushika utadhani ni mkali. Ukimwekea mtu shingoni, unakuna, unashika, unaacha damu. Hiyo ndiyo sababu ya mistari. Na hiyo ndiyo sababu nilipoona panga, ambalo mtu hulisukuma kwa nguvu za bega, mbele nyuma mbele nyuma mahali pamoja, niliona miezi yangu ikiliwa.

Nduku hakuwa mtu mwema sana, na sitaki mtu aseme nimempamba kwa kuwa amekufa. Alikuwa mwenye majivuno. Alikuwa akigombana na wauza nafaka kila siku ya soko kuhusu magunia yanayoziba mlango wake, na akishinda alisimulia ugomvi huo kwa kila mteja, akiuongeza. Akikusifu ujue anataka umchotee maji. Lakini aliona kitu kwangu ambacho wengine walikiita tabia mbaya. Siku moja nilikuwa nimekuja nimeudhiwa, hata sikumbuki na nini, nikachukua wembe, akanishika kifundo cha mkono. "Weka chini. Mkono wako umekasirika. Ukiwa na hasira shika jiwe, usugue, jiwe halina shingo. Wembe utashika ikiisha." Ilikuwa ni amri ya duka. Kuna siku nilifika asubuhi akanitazama tu na kunionyesha slabu kwa kidevu, na wazee waliokuwa wakingoja wakasema kwa pamoja, "Aiya, leo jiwe litanyooka!"

Wazee hao ndio waliokuwa wateja wake wa ndevu, wale wanaosema mashine inakuna tu haing'oi. Mtu mwenye povu mpaka puani husema mambo ambayo hawezi kusema akiwa na uso wake wote. Mle ndani nilisikia nani amekataa kwenda kuombewa, nani ameuza shamba la machungwa akamwambia mke wake ameliazimisha, na mashemasi wawili wakibishana kama mbinguni ndevu zitaota. Wa kwanza kunyolewa na mimi alikuwa Mzee Ngula, mwembamba, koo lake limetokeza kama kiwiko. Aliangalia kiti, akaniangalia, akamwambia Nduku, "Ninyolewe na mtoto?"

"Huyu si mtoto, ana mtoto."

"Na nikikohoa?"

"Usikohoe, Mzee," nilimwambia.

Benchi nzima ikapasuka kwa kicheko, na Mzee Ngula akakaa. Hakukohoa. Nilipomaliza alijipapasa shavu kwa nyuma ya mkono, akajipapasa tena, akauliza kama nimeanza kweli. Nduku alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anaangalia magunia. Nilimwona kwenye kioo akitabasamu, kisha akaona naona, akaanza kumfokea mtu wa magunia ambaye hakuwa amefanya lolote.

Mwezi wa kiangazi tulienda kwao, upande wa Kitui, yeye na mimi na Mwikali, kunitafutia jiwe langu. Jiwe lake lilitoka hapo, kwenye mto mkavu ulio chini ya shamba la mama yake, ambapo palikuwa na mwamba uliopasuka vipande bapa, na marehemu mume wake ndiye aliyelibeba. Mama yake, tuliyemwita Susu kama nyanya ya kila mtu, alitupa isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na chai iliyokolea majani, akasema, "Mtaenda, mtarudi." Tulienda. Mto haukuwepo. Namaanisha, kingo zilikuwepo, lakini malori ya mchanga yalikuwa yamechota kila kitu mpaka udongo mwekundu, na mwamba wa Nduku ulikuwa umevunjwavunjwa ili magurudumu yapite. Tulitembea kwenye jua tukiokota vipande. Nduku alivilowesha kwa mate, akavisugua kwa ukucha wa kidole gumba, akavitupa. Hiki kina mchanga ndani, kitakwaruza. Hiki ni laini kama chaki. Hiki kina ufa. Alizidi kutembea kwa haraka, na mara moja niliona amesimama kwenye shimo la lori, mikono kiunoni, akiwa hana wa kumfokea, kwa sababu hapakuwa na mtu.

Tuliporudi Susu alikuwa ameketi uani ameshavua kitambaa, anangoja kunyolewa. Hunyolewa kichwa chote, tangu zamani, anasema nywele ni za watu wenye kazi ya kuzichana. Ngozi ya kichwa chake imekuwa nyembamba kama ya kitunguu, unaona mishipa ikipita chini yake. Nduku alinoa hapohapo kwenye lile jiwe tulilokuwa tumelibeba kwenye kanga, akanyoa upande mmoja, halafu akanipa wembe. Nilinyoa upande wa pili. Jogoo alikuwa anapitapita. Mwikali alikuwa anakula udongo na hakuna aliyemzuia. Nilipomaliza Susu alipitisha kiganja huku, akapitisha kule.

"Nduku, wewe una mkono wa kuchinja. Huyu ana mkono wa kunyoa."

"Mwaitu, ni mimi nimemfundisha!"

"Ulimfundisha ukajisahau. Siku ukifa, ni huyu ataninyoa."

"Kwani nani amekwambia nitakufa kabla yako?"

"Vile unakula chumvi."

Walicheka, wote wawili, wakigongana mabega. Kisha Nduku akalipangusa jiwe kwa kanga yake, akaliweka mapajani mwangu, akasema kwa ile sauti ya kugombeza, "Sasa kwa vile mto umeisha, hili ndilo lako nikienda. Mwaitu amesikia. Usije ukanoa upande wa mshipa." Niliona ni maneno ya jioni tu, watu wameshiba. Niliwaza jinsi ya kumtoa mtoto udongo mdomoni.

Sasa amekufa kabla ya mama yake, ni moyo, si hadithi ndefu. Kwa watu wa Nduku mtu akizikwa, waliobaki hunyolewa kichwa, na ndipo matanga yanaisha na mtu anaruhusiwa kuanza kuishi. Wengine wameacha. Musembi alisimama kaburini akasema familia hii imeokoka na mambo ya kunyoana ni ya giza, na sijabishana naye, anyoe au asinyoe, kichwa ni chake. Lakini Susu alinishika mkono siku ile, hakulia, akasema, "Nangoja wewe." Nina nyembe mbili ambazo Nduku alinipa akiwa hai, na zimekuwa butu. Nimejaribu kuzinoa kwa jiwe la kununua madukani, lile la visu. Nilizijaribu kwenye mkono wangu nikatoka damu. Kwa kichwa kile cha Susu? Kuna kijana wa mashine alienda akafukuzwa kwa fimbo. Kwa hiyo kule Kitui kuna mama mzee mwenye mvi zilizoota kama nywele za mtoto mchanga, haendi kanisani, haendi sokoni, haketi na watu, hajamaliza kumzika binti yake, na kitu kinachohitajika kiko Kathonzweni kinanoa jembe.

Baada ya maji, Musembi alikimbilia kwa naibu wa chifu akaniripoti kwa kumvunjia heshima. Niliitwa. Nilipoletewa taarifa nilitaka kusugua kitu, kweli kabisa, mikono yangu ilitafuta slabu, na sikuwa na jiwe. Basi nikakaa nikaandika malalamiko yangu, nikayapeleka ofisini. Naibu wa chifu ni mwanamama mpole mwenye miwani, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kalamu, kisha akasema, "Mama Mwikali, hapa lazima niweke thamani. Jiwe kama hilo linaenda pesa ngapi?" Nikamwambia haliendi. Akasema basi niweke kadirio, mzee ni mtu wa kulipa, atatoa kitu na mambo yaishe. Nilihisi ile sura ya zamani ikirudi usoni. Nilimwomba anirudishie karatasi, nikaongeza maneno mwishoni, nikampa. Aliisoma, akavua miwani, akasoma tena, akapiga muhuri. Niliandika hivi, na sijabadilisha neno:

KUH: MZEE MUSEMBI NA JIWE LA KUNOLEA WEMBE

Mimi ni kinyozi hapa Wote na mama wa mtoto mmoja. Namlalamikia Mzee Musembi wa Kathonzweni kwa kuchukua jiwe langu la kunolea wembe, nililoachiwa na marehemu Nduku mbele ya mama yake mzazi, ambaye yuko hai na anaweza kuulizwa. Mzee amelitumia jiwe hilo kunolea panga na jembe mpaka likaingia bonde. Mto lilikotoka umechimbwa, hakuna lingine. Kwa sababu hiyo mama wa marehemu hajanyolewa hadi leo.

Kuhusu maji, ni kweli nilimmwagia. Nitaomba msamaha siku jiwe litakaporudi.

Sitaki fidia na nisiletewe pesa. Nataka Mzee Musembi alete jiwe hapa ofisini, achorewe mistari ya penseli juu yake, akae kwenye simiti ya hapo mlangoni, na alisugue kwa mikono yake mwenyewe, bila kusaidiwa, mpaka mistari yote iishe, pamoja na ya katikati. Nitakuwepo kuangalia. Mchanga nitaleta mimi.